Wasifu wa Mfano: Judith Resnik, Mwanaanga

Mwanafunzi mpendwa, kabla ya kurudi kwenye vitabu vyako teule, soma kwanza wasifu huu. Nimeuweka hapa kwa sababu mbili. Kwanza, wasifu ni mojawapo ya insha za kiuamilifu unazoweza kukutana nazo katika karatasi ya kwanza. Pili, ninaposahihisha majibu kuhusu wahusika, kuna kosa moja linalojirudia mwaka baada ya mwaka. Mtahiniwa humhukumu mhusika kwa jambo la mwisho lililompata. Mhusika akifa mwishoni, huandikwa kuwa ni mnyonge. Akifungwa, huandikwa kuwa ni mkosaji. Sura zote za mwanzo husahaulika kana kwamba mwandishi aliziandika bure.

Judith Resnik ametendewa hivyo na watu wengi. Anapotajwa, wengi hukumbuka tu kwamba alikuwa ndani ya chombo cha anga cha Challenger kilichoharibika sekunde 73 baada ya kuruka. Lakini aliishi miaka 36 kabla ya sekunde hizo. Hebu tumsome tangu mwanzo. Utaona pia kwamba sijanukuu maneno yake popote. Nimeyategemea matendo yake, kwa kuwa matendo ndiyo ushahidi unaotakiwa kuutoa unapojibu swali la sifa za mhusika.

KUZALIWA NA MALEZI

Judith Arlene Resnik alizaliwa tarehe 5 Aprili 1949 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Akron ulikuwa mji wa viwanda, na sifa yake kubwa ilikuwa utengenezaji wa matairi ya magari. Ukumbuke jambo hili la mpira, tutalirudia baadaye.

Alilelewa katika familia ya Kiyahudi. Ukoo wa babake ulikuwa umehamia Marekani kutoka Ulaya Mashariki. Babake, Marvin, alikuwa mtaalamu wa kupima macho. Mamake, Sarah, aliwahi kuwa karani wa mambo ya sheria. Nyumbani walikuwa watoto wawili, Judith na mdogo wake wa kiume.

Tangu utotoni Judith alipenda mambo mawili ambayo watu wengi hudhani hayapatani: hisabati na muziki. Alijifunza kupiga piano na akafikia kiwango cha juu cha muziki wa kitaaluma. Piano ilimfunza kurudia kitu kile kile mara nyingi bila kuchoka, mpaka vidole vikifanye bila kukosea. Miaka mingi baadaye, tabia hiyo ingemfaa mbele ya swichi za chombo cha anga.

Maisha ya nyumbani hayakuwa rahisi. Wazazi wake walitalikiana alipokuwa bado msichana wa shule ya upili. Sheria ilimweka chini ya malezi ya mama, lakini yeye alitaka kuishi na baba. Hakutoroka wala hakuacha masomo. Alipeleka ombi mahakamani, na malezi yakahamishiwa kwa babake. Fikiria msichana wa umri wako akifanya uamuzi mzito kama huo na kuufuatilia kwa njia halali.

Mwaka wa 1966 alimaliza masomo yake katika shule ya upili ya Firestone akiwa wa kwanza miongoni mwa wenzake. Katika mtihani wa SAT, unaotumiwa na vyuo vya Marekani kuwachuja wanafunzi, alipata alama kamili.

CHUO KIKUU NA KAZI ZA MWANZO

Alijiunga na chuo cha Carnegie mjini Pittsburgh, ambacho mwaka wa 1967 kilianza kuitwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Alianza kwa kusomea hisabati, kisha akagundua kwamba anafurahia zaidi kuona hesabu zikifanya kazi katika mitambo. Akahamia uhandisi wa umeme. Wakati huo wanawake katika madarasa ya uhandisi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Alihitimu mwaka wa 1970, na mwaka huo huo akaolewa na mhandisi mwenzake. Ndoa hiyo ilidumu miaka mitano tu, na hawakujaliwa watoto.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kampuni ya RCA. Huko alibuni saketi za mitambo ya rada na kushughulikia vifaa vya kupokea taarifa kutoka kwa roketi za utafiti. Kuanzia mwaka wa 1974 alihamia katika taasisi za taifa za utafiti wa afya huko Bethesda, jimbo la Maryland. Alichunguza jinsi sehemu ya nyuma ya jicho inavyopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za umeme. Binti wa mpimaji macho alikuwa amelirudia jicho kwa njia ya uhandisi.

Wakati huo wote alikuwa akisoma. Mchana alifanya kazi, na masomo yakapata saa zilizobaki. Mwaka wa 1977 Chuo Kikuu cha Maryland kilimtunuku shahada ya uzamifu katika uhandisi wa umeme. Akaenda California kufanya kazi katika kampuni ya Xerox.

KUTEULIWA KUWA MWANAANGA

Hadi kufikia wakati huo, mwanamke mmoja tu duniani alikuwa amefika anga za juu. Huyo alikuwa Valentina Tereshkova wa Muungano wa Kisovieti, aliyeruka mwaka wa 1963. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa limewapeleka wanaume pekee. Sasa lilikuwa likiunda vyombo vipya ambavyo vingeruka na kurudi, na lilihitaji wanasayansi na wahandisi, si marubani wa kijeshi peke yao. Likatangaza nafasi na kuwaalika wanawake pia, pamoja na watu wa jamii zilizokuwa zimeachwa nyuma.

Zaidi ya watu 8,000 walituma maombi, naye Judith akiwemo. Januari 1978 majina 35 yalitangazwa, na sita kati yao yalikuwa ya wanawake: Sally Ride, Judith Resnik, Kathryn Sullivan, Anna Fisher, Rhea Seddon na Shannon Lucid. Judith alikuwa na umri wa miaka 28. Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Lakini wewe umeshaona kwamba pete hii haikuanguka kutoka juu. Nyuma yake kulikuwa na piano, mahakama, maabara na vitabu vya usiku.

Mafunzo yalifanyika Houston, jimbo la Texas. Walirushwa katika ndege za kasi, wakafunzwa kujiokoa wakianguka baharini, na wakasomeshwa kila mtambo wa chombo chao. Judith alipewa kazi ya kuusaidia utayarishaji wa mkono wa mashine, yaani mtambo mrefu unaotumiwa na wanaanga kubeba na kusogeza vitu nje ya chombo wakiwa ndani. Alishughulikia pia programu za kompyuta. Waliofanya kazi naye walimjua kuwa mtu asiyekubali kazi iliyolipuliwa.

Jambo lililomchosha halikuwa kazi bali waandishi wa habari. Wanaume waliulizwa kuhusu injini. Wanawake waliulizwa kuhusu mapambo, nywele na wachumba. Judith hakupenda mahojiano, na hakupenda kuitwa mwanaanga wa kike wala mwanaanga wa Kiyahudi. Alitaka kuitwa mwanaanga, basi. Usilichukulie jambo hili kwamba aliuonea haya uanauke wake au asili yake. Alikuwa anakataa kazi yake ipimwe kwa mizani tofauti na ile ya wenzake.

Wakati wa kumchagua mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani ulipofika, aliyechaguliwa ni Sally Ride. Aliruka tarehe 18 Juni 1983. Judith aliendelea na kazi yake kama kawaida. Nafasi yake ilifuata.

SAFARI YA KWANZA

Judith aliwekwa katika kundi la watu sita ambao wangekirusha chombo kipya cha Discovery kwa mara ya kwanza. Kiongozi wao alikuwa Henry Hartsfield. Tarehe 26 Juni 1984 walifungiwa ndani, hesabu ikaanza kurudi nyuma, na injini zikaanza kuunguruma. Zikiwa zimesalia sekunde nne waruke, kompyuta ziligundua hitilafu na kuzizima injini hizo. Kwa muda ikabainika kuna moto karibu na jukwaa, na maji ya kuzimia moto yakafunguliwa. Walitoka wakiwa salama, lakini kila mmoja alikuwa ameonja jinsi hatari ilivyo karibu.

Jiulize: wewe ungerudi? Judith alirudi. Tarehe 30 Agosti 1984 Discovery iliruka, naye akawa mwanamke wa pili wa Marekani na wa nne duniani kufika anga za juu. Alikuwa pia Myahudi wa kwanza wa Marekani kufika huko.

Huko juu kundi lao liliachilia setilaiti tatu za mawasiliano. Kazi kuu ya Judith ilikuwa kulijaribu bawa la kunasa nguvu za jua. Likiwa limekunjwa, unene wake ulikuwa sentimita 18 tu. Likikunjuliwa, lilisimama mita 31, karibu sawa na jengo la ghorofa kumi. Judith alilikunjua na kulikunja tena huku wenzake wakichunguza kama linayumba au kupinda. Lilifanya kazi. Baadaye, mabawa ya aina hiyo yanayokunjuka yalikuja kutumiwa kukipa umeme kituo cha kimataifa cha anga za juu.

Safari hiyo ilikuwa na kisa kingine. Maji machafu yaliyotolewa nje yaliganda na kuwa donge la barafu ubavuni mwa chombo. Ilihofiwa kwamba donge hilo lingeng'oka wakati wa kurudi na kuharibu sehemu ya nyuma. Dawa yake ikawa mkono wa mashine: waliutumia kuligonga donge hadi likaanguka. Mtambo ambao Judith alikuwa ametumia miaka kuutayarisha ndio uliowaondolea wasiwasi.

Walitua California tarehe 5 Septemba 1984. Judith alikuwa amekaa angani saa 144 na dakika 57.

CHALLENGER

Safari yake ya pili ilipangwa kwa Challenger. Walikuwa watu saba: Dick Scobee aliyekuwa kiongozi, Michael Smith, Ellison Onizuka, Ronald McNair, Gregory Jarvis, Christa McAuliffe na Judith. Macho ya taifa yalikuwa kwa Christa, mwalimu wa shule ya upili aliyeteuliwa kati ya walimu zaidi ya 11,000 ili afundishe masomo kutoka angani. Judith alikuwa na kiti chake nyuma ya marubani, kazi yake ikiwa ni kuwasaidia kufuatilia mitambo wakati wa kupaa.

Safari iliahirishwa mara kadhaa. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, baridi kali isiyo ya kawaida iliingia Florida. Barafu ikaning'inia kwenye mnara wa kurushia.

Hapa inakubidi uelewe jinsi mtambo ulivyofanya kazi. Chombo kilisukumwa juu na roketi mbili kubwa za pembeni. Kila roketi ilijengwa kwa vipande vilivyounganishwa, na katika kila kiungo kulikuwa na pete mbili za mpira za kuzuia gesi ya moto isipenye. Mpira ukipata baridi hukakamaa, na ukikakamaa hauzibi haraka. Mwaka mmoja kabla, baada ya safari iliyofanyika wakati wa baridi, masizi yalikuwa yameonekana mahali ambapo hayakupaswa kufika. Yaani ufa ulikuwa umeshaonekana.

Jioni ya tarehe 27, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo waliwaonya wakubwa kwa simu. Walishauri chombo kisirushwe kukiwa na baridi chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Wasimamizi wa NASA waliokuwa kwenye simu waliupinga ushauri huo. Viongozi wa kampuni wakajadiliana kando, wakawapuuza wahandisi wao wenyewe na kutoa idhini. Judith na wenzake hawakuambiwa lolote kuhusu mjadala huo.

Challenger iliruka saa tano na dakika 38 asubuhi, kukiwa na nyuzi 2 hivi. Pete za kiungo kimoja hazikuziba. Moto ukapenya, na sekunde 73 baadaye, kilomita 14 hivi juu ya bahari ya Atlantiki, chombo kilivunjika. Watu wote saba walifariki. Wanafunzi wengi kote Marekani walikuwa wakitazama moja kwa moja madarasani mwao.

Nilikuomba ukumbuke mji wa matairi. Binti wa Akron, mji uliotajirika kwa mpira, alipoteza maisha kwa sababu ya pete ya mpira. Ukikikuta kisa kama hicho katika riwaya, ungekiita kinaya, na ungekuwa sahihi.

Tume ya uchunguzi iliundwa, na mmoja wa wanachama wake alikuwa Sally Ride, yule mwenzake wa mwaka wa 1978. Ripoti yake ya Juni 1986 ilionyesha kasoro mbili: kasoro ya pete, na kasoro ya jinsi uamuzi ulivyofanywa. Viungo vilibuniwa upya, na vyombo hivyo havikuruka tena hadi Septemba 1988.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inaingia hapa moja kwa moja. Lakini kuna nyingine ambayo wanafunzi wengi huitumia vibaya: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika kisa hiki wakuu ndio waliokataa kusikia la wadogo wao, na walioumia hawakuwa wale waliokataa kusikia. Methali ni ya kupimwa kwa hali iliyopo. Usiichomeke tu kwa kuwa umeikariri.

KUMBUKUMBU YAKE

Shimo moja kubwa kwenye upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani limepewa jina lake. Kuna shule za msingi zenye jina lake mjini Akron na katika jimbo la Maryland. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kina bweni linaloitwa Resnik. Mwaka wa 2004 yeye na wenzake sita walitunukiwa nishani ya juu kabisa ya wanaanga wa Marekani.

SIFA ZAKE KWA UFUPI

Zingatia kwamba kila sifa inafuatwa na tendo linaloithibitisha.

1. Ni mwenye bidii. Alisomea shahada ya uzamifu huku akifanya kazi.
2. Ni mwenye msimamo. Aliomba mahakama imhamishie malezi kwa babake; pia alikataa kupimwa kwa jinsia yake.
3. Ni jasiri. Alirudi kwenye Discovery miezi miwili tu baada ya injini kuzimwa na moto kuzuka karibu na jukwaa.
4. Ni mvumilivu. Alisubiri zaidi ya miaka sita tangu kuteuliwa hadi kuruka, na mwingine alipotangulia hakuacha kazi.
5. Ni mwenye vipawa vingi. Alimudu piano, hisabati, uhandisi na utafiti wa macho.

Sasa angalia tena orodha hiyo. Hakuna sifa hata moja niliyoitoa katika sekunde 73 za mwisho. Kifo chake kinatufunza mengi kuhusu uwajibikaji wa waliokuwa na mamlaka. Kuhusu yeye mwenyewe, jibu liko katika miaka iliyotangulia. Ukiingia katika chumba cha mtihani na swali likakutaka umjadili mhusika anayekufa, rudi sura ya kwanza kabla ya kushika kalamu. Anastahili hivyo, kama Judith alivyostahili.

MAZOEZI

1. Kwa kurejelea matukio manne, onyesha jinsi mazingira ya nyumbani na shuleni yalivyomwandaa Judith kwa kazi ya uanaanga. (alama 8)
2. Eleza tofauti kati ya kosa la mtambo na kosa la uamuzi katika ajali ya Challenger. (alama 4)
3. Teua mhusika mmoja wa kike kutoka kitabu chako teule. Mlinganishe na Judith kwa kuzingatia namna jamii ilivyompima na namna yeye alivyojipima. (alama 10)
4. Andika wasifu wa mtu mashuhuri aliyefariki ambaye wengi humkumbuka kwa kifo chake tu. Usitumie nukuu. Thibitisha kila sifa kwa tendo. (alama 20)